Buti ya mbele ya gari la umeme: ya kazi au ya kumvutia mnunuzi?

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu alinipigia simu akiwa katika yadi ya magari hapa Mombasa. "Shikamoo mjomba. Njoo uone mwenyewe, hili lina buti mbili!" Nikamwambia marahaba, nakuja, na usitie saini karatasi yoyote kabla sijafika.

Mpwa wangu ni dereva wa teksi. Alfajiri huwapelekea wateja wa Nyali na Bamburi samaki wa mamake, ambaye ni dadangu. Kuanzia saa tatu huwa uwanja wa ndege au kituo cha treni cha Miritini akingoja abiria. Kazi ni mbili na gari ni moja, Toyota ya petroli iliyochoka. Adui yake mkubwa ni shombo. Akishashusha samaki huiosha buti kwa sabuni na ndimu, akafungua milango yote ipigwe na upepo, na bado mgeni akipanda huteremsha kioo kabla hajasema anakwenda wapi. Kwa hivyo alipoambiwa kuna gari la umeme lenye buti mbili, moja nyuma na nyingine chini ya boneti, aliliona kama jibu la dua. Samaki mbele, mizigo nyuma, abiria katikati, na shombo halimfikii mtu.

Tatizo lilikuwa bei. Gari hilo lilipita kwa mbali lile la umeme lisilo na buti ya mbele lililoegeshwa kando yake. Ili kuziba tofauti hiyo, kijana alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Mtwapa alichoachiwa na babake.

Ndiyo maana leo naandika juu ya jambo ambalo msomaji huenda akaliona dogo: je, wenye magari ya umeme huitumia kweli hiyo buti ya mbele? Magari haya yanateremka bandarini kwetu, vijana wetu wanaanza kuyauliza bei, na wauzaji wameshajua neno la kuwavutia. Ni vyema tujue kilicho nyuma ya neno hilo kabla kiwanja hakijauzwa.

Buti ya mbele ilitoka wapi

Wazee wenzangu wanaikumbuka Volkswagen ile yenye umbo la kobe. Injini ilikaa nyuma na buti ikawa mbele, na gari hilo lilikuwa na nguvu za kutosha kushinda Safari Rally mwaka 1962. Mwalimu mmoja wa mtaani kwetu alikuwa nalo. Watoto tulikuwa tukimcheka kila aliyefungua mbele akitafuta injini, akakuta gurudumu la akiba na nafasi ya kuweka mzigo. Mwalimu aliitumia buti ile kila siku kwa sababu nyuma palikuwa pamekaliwa na injini. Hakuwa na hiari.

Gari la umeme lina hali nyingine. Mota yake ni ndogo, betri imelazwa chini ya sakafu, na buti ya nyuma ipo vilevile. Mbele ambako zamani palijaa injini, katika baadhi ya magari panabaki nafasi. Tesla ilipoanza kuuza Model S mwaka 2012 iliigeuza nafasi hiyo kuwa buti ya kama lita 150, na Wamarekani huiita frunk. Tangu hapo imekuwa kama alama ya gari la umeme. Anayelionyesha gari lake jipya kwa jirani hufungua mbele kwanza, jirani akashangaa kwamba hamna injini.

Lakini si kila gari la umeme lina buti hiyo. Nissan Leaf, ambayo ndiyo mashuhuri katika magari ya umeme yaliyotumika yanayotoka Japani, haina. Mota na mitambo yake imejaa chini ya boneti. BYD Atto 3 na Dolphin hazina. Volkswagen ID.4 haina. Mercedes EQS ya mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi: mwenye gari haruhusiwi kuifungua boneti hata kidogo, ni kazi ya fundi. Maji ya kuoshea kioo hutiwa kupitia kilango kidogo cha ubavuni.

Na hata zilizo nayo zimepishana sana. Lucid Air ina karibu lita 280. Tesla Model Y ina lita 117. BYD Seal ina lita 53. Hyundai Ioniq 5 inayouzwa Ulaya ina lita 57 ikiwa na mota moja ya nyuma, lakini ikiwa na mota mbili, moja nyuma na moja mbele, mota ya pili hula nafasi na buti inabaki lita 24 tu. Jina la gari ni moja, sura ni moja, na buti imepungua zaidi ya nusu. Iweke akilini hesabu hiyo, tutairudia.

Ford moja, majibu mawili

Anayetaka kujua kama buti hii inatumika au la, na aitazame kampuni ya Ford ya Marekani.

Ford ilipoleta Mustang Mach-E ilijigamba kwa buti ya mbele yenye tundu la kutolea maji. Matangazo yake yalionyesha buti imejazwa kamba kama meza ya karamu: jaza barafu, tia kamba wako, ukimaliza zibua tundu maji yatoke. Mtu wa Pwani akilisikia hilo lazima atege sikio. Lakini katika Mach-E ya mwaka 2026 inayouzwa Marekani, buti hiyo haiji tena na gari. Anayeitaka analipa dola 495 juu ya bei.

Mimi si mtu wa Ford na sikukaa katika vikao vyao. Lakini nimekulia katika familia ya biashara, na najua mfanyabiashara anapokata kitu ili apunguze gharama, huanza na kile ambacho mteja hatalia akikikosa. Kama kila mwenye Mach-E angekuwa akitia kamba na barafu kila Ijumaa, buti ile isingeguswa.

Sasa tazama upande wa pili wa kampuni hiyohiyo. Pikapu yake ya umeme, F-150 Lightning, ilikuja na buti ya mbele ya lita 400 inayobeba kilo 181. Inafunguka na kujifunga kwa kubonyeza kitufe. Uso wa gari hupanda pamoja na boneti, kwa hivyo mzigo hauinuliwi juu ya bampa, unasukumwa ndani tu. Ndani yake mna soketi nne za umeme, fundi anachaji drili na misumeno yake humohumo. Hiyo hutumika. Sababu ni nyepesi: pikapu nyuma ni wazi. Mvua ikinyesha mzigo unalowa, ukisimama kwenye taa mwizi ananyoosha mkono. Buti ya mbele ndiyo mahali pekee pakavu penye kufuli ukitoa pale anapokaa dereva.

Kwa hivyo kampuni moja imetoa majibu mawili, na majibu yote mawili ni ya kweli. Mwenye pikapu amerudi katika hali ya mwalimu wetu wa Volkswagen, hana pengine pa kuweka. Mwenye Mach-E ana mlango mpana wa nyuma, basi mbele aende kufanya nini?

Mercedes nayo imefuata njia yake. Baada ya kuifunga boneti ya EQS, CLA ya umeme iliyotoka 2025 imewekewa buti ya mbele ya lita 101. Mmoja anaondoa, mwingine anarudisha. Ukiona hivyo jua swali halina jibu la ndiyo au la.

Niliwauliza walio nazo

Usiku ule niliuliza katika grupu la familia la WhatsApp. Ndugu wanne wana magari ya umeme huko waliko. Watu wanne si utafiti, lakini walinifungua macho.

Shemeji yangu wa Dubai ana Model Y. Alituma video akifungua buti ya mbele. Ndani mlikuwa na viatu vya ufukweni vya mwanawe, pampu ya upepo na chupa ya maji ambayo hakumbuki aliitia lini. "Wallahi sijaifungua tangu baada ya Idi," akasema. Mkewe akadakia kuwa yeye hakujua hufunguliwa vipi.

Binamu yangu aliye Uingereza ana Ioniq 5, na yeye jibu lake lilikuwa jingine. Kebo ya kuchajia hukaa mbele daima. Huko vituo vingi vya kuchaji vya barabarani vina soketi tu, kila mtu anakuja na kebo yake. Kebo imeburutwa sakafuni, imenyeshewa, ina tope, na hakuna anayetaka kuiweka juu ya nguo au mikate. Lakini aliongeza jambo: gari lake halifunguki mbele kwa rimoti. Lazima avute wenzo uliomo ndani, azunguke, atafute kilimi kwa vidole, ainue. "Kwa kebo nastahimili," akasema, "kwa mifuko ya sokoni siwezi."

Wa tatu yuko Marekani na kebo yake haitoki nyumbani, kwa sababu vituo vya huko huwa na kebo zake. Buti yake ya mbele i tupu. Wa nne huweka humo vyakula vya kununua vyenye harufu, biriani na samaki wa kukaanga, ili gari lisinuke. Huyo aliniambia ndiyo sababu ya pekee inayomfanya aifurahie, na huifungua kila wiki.

Ukiyapanga majibu hayo utaona mambo matatu yanayoamua. La kwanza, je, nyuma hapatoshi au hapafai? La pili, je, kuna kitu kisichofaa kuchanganyika na vingine, kama kebo chafu, samaki, nguo za kuogelea zenye mchanga? La tatu, je, hufunguka na kufungika kwa urahisi? Penye ndiyo mbili au tatu, buti ya mbele hupata kazi. Penye ndiyo moja au hakuna, huwa kabati la vitu vilivyosahauliwa.

Jambo la tatu wauzaji hawalitaji kabisa, na ndilo linaloua mazoea. Fikiria umetoka Kongowea, mkono mmoja kikapu, mwingine mkungu wa ndizi. Mlango wa nyuma unabonyeza kwa kidole au kiwiko, unafunga kwa kuuvuta. Kwa Tesla nyingi, mbele unafungua kwa simu au kwa kioo cha ndani ya gari. Na kuifunga si kuibamiza. Unaishusha taratibu, kisha unaikandamiza kwa viganja viwili mpaka isikike imekamata, kwa maana boneti ni nyepesi na ukiisukuma vibaya inapinda. Nani atakayefanya hivyo kila siku kwa sababu ya mkate na maziwa?

Hata namna ya kuegesha ina neno. Tesla huchajiwa kwa nyuma, kwa hivyo kituoni watu huingia kinyumenyume na mbele hubaki wazi. Leaf huchajiwa puani. Mitaani kwetu Majengo na Mji wa Kale gari huegeshwa pua ikikaribia kugusa ukuta. Hata ukipewa buti ya mbele ya lita 400, usipokuwa na pa kusimama utaifunguaje?

Boneti si mlango wa kabati

Kuna jambo lingine zito zaidi, nalo ni usalama. Boneti ikifunguka gari likiwa mwendoni, inapanda na kuziba kioo chote cha mbele. Kadiri inavyofunguliwa mara nyingi ndivyo kufuli lake linavyohitaji kuaminika. Mwishoni mwa mwaka 2021 Tesla iliita takriban magari 119,000 ya Model S kwa sababu ya kufuli la boneti ambalo huenda halikukaa sawasawa. Mwaka 2024 yaliitwa zaidi ya magari milioni 1.8 kwa sababu gari lingeweza kushindwa kutambua kwamba boneti imebaki wazi na kumwonya dereva. Marekebisho hayo ya pili yalitumwa kwa programu kupitia intaneti.

Hapo sisi wa huku tuna swali letu. Gari lililonunuliwa kwa mnada ng'ambo, likapita mikono mitatu kabla ya kuteremshwa Kilindini, nani atalithibitisha kwamba lilirekebishwa? Anayenunua gari lililotumika lenye buti ya mbele na aifungue na kuifunga mara kumi palepale yadini. Aone kama kufuli linashika kila mara, na kama dashibodi inaonya ikiachwa wazi.

Na wenye watoto wasikilize. Watoto wetu hucheza ndani ya magari yaliyoegeshwa. Ndani ya buti ya mbele ya Tesla mna kitufe kinachong'aa gizani ili mtu aliyefungiwa humo aweze kujitoa. Gari lolote unalonunua uliza kama lina kitu kama hicho, kisha mwonyeshe mtoto.

Pia ujue kufuli hizi nyingi hutegemea betri ndogo ya volti 12, si ile kubwa ya kuendeshea. Betri ndogo ikifa, buti haifunguki. Katika Tesla Model 3, betri yenyewe iko mbele humohumo. Waundaji wameacha nyaya mbili nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa, unaziunga na betri ya nje ili boneti ifunguke. Asiyelijua hilo atakwama Mariakani usiku na mzigo wake ndani.

Tulivyopima yadini

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Gari alilolipenda lilikuwa ni hiyo Ioniq 5. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinipa karatasi iliyoandikwa buti ya mbele lita 57. Nikamwomba afungue.

Mpwa wangu alikuja na sanduku lake la barafu, lile jeupe la kubebea samaki. Tukalileta. Halikuingia, wala halikukaribia kuingia. Tukaazima kwa bawabu mtungi wa maji wa lita 20, tukaulaza. Boneti ikakataa kufunga. Nikazunguka nyuma na kuuliza gari lina mota ngapi. Muuzaji akapiga simu ofisini, akarudi akikuna kichwa: mota mbili. Karatasi ilikuwa ya gari la mota moja.

Sikumlaumu sana, kwa sababu sidhani hata yeye alikuwa amewahi kutia kitu mle. Hapo ndipo nilipoelewa jambo hili vizuri. Buti ile ilikuwa imeuza gari mara nyingi bila kubeba hata ndimu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata gari jema linaweza kutembezwa kwa kitu ambacho hakina kazi.

Na gari lenyewe ni jema, sisemi vingine. Lita 24 zinatosha kebo, kamba ya kuvutia na kisanduku cha huduma ya kwanza. Lakini kijana hakuwa akiuza kiwanja kwa ajili ya kebo. Alikuwa akikiuza kwa ajili ya samaki, na samaki hawakuwa na pa kukaa. Changu wawili watatu labda. Nguru mmoja mkubwa angebaki mkia nje.

Yaliyo muhimu kuliko lita

Nimetaja jambo la gurudumu la akiba katika Volkswagen ya zamani. Magari mengi ya umeme ya leo hayaji na spea. Hupewa chupa ya dawa ya kuziba tundu na pampu. Kwa barabara za Oslo sawa, lakini kwa anayekwenda Kinango au Garsen si sawa. Buti ya mbele ambayo haipokei hata spea, kwa dereva wa Pwani imepoteza kazi yake ya kwanza.

La pili ni joto. Betri za Leaf za miaka yote ile ya mwanzo hazipozwi kwa maji, hutegemea hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa jimbo la Arizona, Marekani, ambako jua ni kali, walilalamika kwamba betri zao zinapoteza uwezo mapema, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri. Mombasa si Arizona, lakini si Tokyo pia. Leaf huonyesha afya ya betri kwa vijipau 12 kwenye dashibodi. Kila kilichopungua kimeondoka na kilomita zake. Kwa sheria yetu gari lililotumika halivuki miaka 8 likiingia nchini, na miaka 8 inatosha kabisa kumaliza vijipau vichache. Mnunuzi anayepiga picha buti ya mbele na kusahau kupiga picha vijipau amekosea pa kuelekeza simu.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa anayetaka gari la umeme ni huu. Usiulize lina buti ngapi. Andika kwanza unabeba nini kwa wiki moja, kitu kwa kitu. Kisha nenda yadini na mzigo wako mwenyewe, si wa mfano, uutie na ufunge. Uliza gari lina mota ngapi kabla hujasoma lita. Kama buti ya mbele itabeba kebo tu, ilipie thamani ya mahali pa kuweka kebo. Na ukiwa mtu wa pikapu, au mtu ambaye kila siku ana kitu kinacholowa au kunuka, na buti ni pana na inafunguka kwa mkono mmoja, basi ilipie kwa moyo mkunjufu. Wewe ni katika wale wachache watakaoitumia.

Jioni tulikwenda kwa dadangu kumweleza. Alitusikiliza mpaka mwisho huku akiparua samaki, kisha akamtazama mwanawe. "Nani aliyekwambia samaki wangu wanataka gari la umeme? Wao wanataka kufika kabla jua halijapanda. Tuktuk wa hapo nje ataniambia nauli yake, na wewe ukae na abiria wako."

Tulikaa tukapiga hesabu. Nauli ya tuktuk ya mwaka mzima haikufika robo ya tofauti ile ya bei. Kijana alinyamaza kidogo, akacheka, akaomba chai.

Bado anataka gari la umeme, na mimi namuunga mkono, kwa maana petroli inamla. Kiwanja cha Mtwapa kingali chake. Jumamosi ijayo tunakwenda yadi nyingine, na safari hii tunabeba masanduku mawili makubwa ya safari, yale ya watu wanaorudi Umra. Yakiingia nyuma na mlango ukafunga, ndipo tutakapoanza kuzungumza bei.